Chumvi Iliyomwagwa Mlangoni

Nyanjige alianza kuuza chumvi sokoni Bariadi mimi sijaolewa, na kwa miaka yote hiyo kila Jumapili alikuja kanisani akakaa nje. Si kwamba nafasi ndani ilikuwa imeisha. Alikaa nje kwa hiari yake, juu ya tofali, chini ya dirisha la tatu, kanga kichwani. Misa ikianza yupo, misa ikiisha yupo. Sadaka aliipitisha dirishani. Mvua ikinyesha alisogea chini ya bati, lakini mlangoni hakuingia.

Watu walikuwa na maelezo yao. Wengine walisema ana mambo ya waganga. Wengine walisema alimwekea mtu kiapo. Mimi kusema jambo nisilolijua sipendi, nikamwuliza mwenyewe, maana meza yangu ya samaki na meza yake ya chumvi zimepakana.

"Mayu Nyanjige," nikamwita kwa heshima ya mama, "mbona kanisani huingii?"

"Humo ndani kuna joto."

Ilikuwa mwezi wa saba, asubuhi, hata mbuzi walikuwa wanatetemeka. Nikamwambia, "Joto la nani, la mitume?" Akanipimia chumvi yangu, akafunga mfuko, akamgeukia mfugaji aliyetaka chumvi ya mawe kwa ajili ya ng'ombe. Maongezi yakaishia hapo, na mimi nikabaki nawashwa.

Jambo jingine lililoniwasha ni ulimi wake. Mimi nauza kayabo. Sangara wanatoka Lamadi, nawapasua, nawatia chumvi, nawaanika. Chumvi ikiwa dhaifu samaki wote ni mali ya nzi. Kwa hiyo chumvi naijua. Lakini sijaona mtu mwingine anayefanya kama Nyanjige: gunia jipya likishushwa, mwenye gari haondoki mpaka yeye atoboe gunia kwa msumari, atoe punje, alambe. Juu, katikati, chini. Gunia la kiwandani, limeshonwa, lina muhuri! Vijana wa gari walimcheka, "Bibi, chumvi ni chumvi tu." Naye alijibu, "Ndivyo nilivyofikiri na mimi." Halafu analamba tena.

Mwaka jana mjukuu wake Apolonia, mtoto wa miaka tisa, alianza kujiandaa kwa komunyo ya kwanza. Siku moja alikuja sokoni akamwuliza bibi yake mbele yangu, "Bibi, siku yangu na wewe utakaa nje kama mbwa wa mchungaji?"

Nilicheka mpaka nikashika meza. Nyanjige hakucheka. Kesho yake alikwenda kwa katekista Onesmo kuandikisha jina darasa la ubatizo, na umri wake wa miaka sitini na saba. Akarudi akaniambia, tena si kwa kuomba, "Mama Blandina, wewe utakuwa mama yangu wa ubatizo."

"Mimi? Na mdomo huu?" Padre alishaniambia mara mbili kwamba mdomo wangu una chumvi kuliko samaki wangu. Nilimjibu kwamba Mtume Paulo mwenyewe aliagiza maneno yetu yakolee munyu. Padre akasema Paulo alianza kwanza na neema.

"Mdomo huo huo," Nyanjige akasema. "Nikizubaa darasani uniseme."

Basi tukaanza kwenda Jumamosi mchana, kwenye chumba cha chekechea cha parokia, watu wazima kumi na wawili juu ya viti vya watoto, magoti yanagusa kidevu. Onesmo ni kijana wa miaka thelathini hivi, mwana wa watu, shati limepigwa pasi, chaki mkononi. Sala zote Nyanjige alikuwa anazijua. Nani asingezijua baada ya miaka arobaini na kitu dirishani? Alijua hata mahali padre anapokohoa. Onesmo akafurahi, akasema mama huyu hana wasiwasi, mwezi wa kumi padre akiwapima atapita. Asiyepita mwezi wa kumi hapati maji Pasaka. Na komunyo ya Apolonia imepangwa Pasaka hiyo hiyo. Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi: apite, aingie mlangoni na mjukuu wake, au arudi kwenye tofali lake.

Jumamosi moja ya mwezi wa tisa Onesmo akafungua kitabu akasoma maneno ya Yesu juu ya chumvi. Ninyi ni chumvi ya dunia. Akaendelea mpaka pale pa chumvi iliyoharibika, kwamba haifai kitu tena, ni ya kutupwa nje ikakanyagwe na watu.

Nyanjige akasimama. Akajifunga kanga.

"Nimeacha moto jikoni," akasema, akatoka.

Moto gani? Mimi ndiye niliyempitia kwake mchana ule, na paka alikuwa amelala ndani ya jiko.

Nilimfuata. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda uani, ungo mapajani, anachambua mchele kama mtu aliyekuwepo pale tangu asubuhi.

"Mwadila, mayu," nikamsalimu.

"Mwadila."

"Umekimbia kama mke wa Lutu. Afadhali yeye aligeuka kutazama."

Akaokota kijiwe, akakitupa. "Mke wa Lutu alikuwa na bahati. Yeye aligeuka chumvi. Mimi niligeuka udongo."

Nikavuta kigoda cha pili. Mtu akisema neno kama hilo humwachi. Nikanyamaza, jambo ambalo wanaonijua hawataamini, naye akasema yote, macho kwenye ungo.

Kwao ni Lingeka, huko Meatu. Kuna sehemu ya mbuga ambayo kiangazi udongo wake unaota weupe juu, kama unga uliomwagika. Enzi za mama yake wanawake walikwenda asubuhi mapema kuukwangua kwa vipande vya vibuyu. Udongo ule uliwekwa kwenye chungu chenye matundu chini, kimetandikwa nyasi, ukamiminiwa maji. Maji yaliyochuruzika yalichemshwa mpaka yakauke, na chumvi ikabaki chunguni. Udongo uliobaki ulikuwa mweupe vile vile, mtu mgeni asingejua tofauti, lakini ladha hamna. Huo ulimwagwa kwenye njia ya nyumbani, maana hauoti nyasi na miguu haizami mvua ikinyesha.

Alipoolewa na Mabula, mtu wa Zagayu, mama yake alikuwa mgonjwa na kuni za kuchemshia hazikuwepo. Kwao binti haendi ukweni mikono mitupu. Chakula chake cha kwanza anakipika kwa chumvi aliyotoka nayo kwao. Kwa hiyo alifungasha ule weupe wenyewe, uliokwanguliwa tu, haujachemshwa. Alilamba, ulikuwa mkali safi. Akaufunga kwa majani na kamba, mzigo wa kichwa kizima. Njiani walilala kwa watu. Chumvi inatundikwa juu ya moto, hilo kila mtoto wa Lingeka analijua. Lakini yeye alikuwa bibi harusi, nyumba ya wageni, akaona aibu kuingia jikoni kwa watu kutundika mizigo. Akauacha nje, ukutani. Mvua ya kwanza ya mwaka ikanyesha, na maji ya paa yote yakapita hapo.

"Asubuhi niliukuta ulivyokuwa," akasema. "Mweupe. Umefungwa vizuri. Nikaukausha juani, nikajitwika. Hata wepesi wake sikuushtukia, nilifikiri ni furaha."

"Hukulamba?"

"Nililamba kwetu. Ya nini kulamba mara mbili?"

Akapika mbele ya wakwe. Mama mkwe alionja, akaongeza. Akaonja, akaongeza. Nyama ikawa inalia mchanga kwenye meno na chumvi haipo. Wazee wakatema. Mama mkwe hakupiga kelele. Alichukua ule mzigo wote akaumwaga mlangoni, akasema, "Acheni wageni waukanyage, labda utafaa kwa hilo." Harusi ilikuwa na siku mbili zaidi. Watu wote waliokuja walipita juu yake. Kuanzia hapo jina lake likawa Udongo. Shemeji waliita Udongo, watoto wakaita Udongo, leta maji Udongo.

Chanzo cha jambo lile hakukijua. Kwa miaka mitatu aliamini amerogwa, mpaka alipoona mtu mwingine ameacha kibaba cha chumvi ya udongo kwenye mchirizi wa paa, mvua ikanyesha, ukabaki weupe usio na ladha. Akaelewa. Lakini kuelewa hakukufuta jina. Mwishowe Mabula alichoka kusikia mkewe anaitwa hivyo, wakahamia Bariadi. Mabula alikuwa amebatizwa, jina lake Athanasi. Jumapili ya kwanza akampeleka kanisani, kwa furaha, wakakaa mbele.

"Padre akasoma nini?" nikauliza, ingawa nilishajua.

"Akasoma mimi," akasema. "Chumvi iliyoharibika. Kutupwa nje. Kukanyagwa na watu. Mbele ya watu wote! Nikamtazama Mabula. Nani mwingine angemwambia padre? Nikatoka. Mwaka mzima sikumpikia kwa moyo yule mwanaume. Akaapa, akalia, akasema ni Biblia, imeandikwa zamani. Nilipokuja kuamini kwamba kweli ni Biblia ikawa mbaya zaidi. Kumbe si padre anayenijua, ni Mungu mwenyewe. Kama amesema nje, basi nikaamua kumsikiliza nikiwa nje."

Sasa niambie, mtu kama huyo unamjibu nini? Nilirudi darasani nikiwa na hasira, na hasira yangu ikampata Onesmo, aliyekuwa anafuta ubao.

"Mwalimu, chumvi inaharibikaje?"

Akakohoa. "Mama Blandina, ile ni lugha ya mafumbo. Kitaalamu chumvi haiharibiki."

"Mimi nimetia samaki chumvi mwaka wa ishirini huu, iliyoharibika sijaiona. Kwa hiyo Yesu alikuwa haijui chumvi?"

"Sijasema hivyo!"

"Umesema kitaalamu."

Akakaa kwenye kiti cha mtoto. Nitamsifu kwa hilo, hakujitetea. Alisema swali hilo alishaulizwa na kijana mmoja darasani, akamwambia kijana aache ubishi, na tangu siku hiyo kila akifika ukurasa ule anasoma haraka. Nikamsimulia habari ya chungu chenye matundu na mzigo chini ya paa. Alinisikiliza mdomo wazi.

"Kwa hiyo inaharibika kweli," akasema taratibu. "Chumvi yenyewe inaondoka, unabaki na umbo lake. Mama, mimi nimesoma miaka miwili na hili sikuambiwa." Akasimama. "Twende kwake."

"Ukamwambie nini?"

"Sijui. Nataka kuuliza."

Nyanjige hakufurahi kumwona. Alidhani amekuja kumrudisha darasani kwa maneno matamu. Lakini Onesmo alichuchumaa chini akaanza kuuliza kama mtoto. Matundu yalikuwa mangapi? Nyasi gani? Maji ya kisima au ya mto? Udongo unajaza chungu mara ngapi? Nyanjige akajikuta anajibu, mikono inaonyesha. Mtu yeyote ukimwuliza kazi aliyoijua utotoni atakujibu, hata kama amekununia.

"Na ule udongo uliochujwa," Onesmo akasema, "wote mliumwaga njiani?"

"Wote? Wewe, ile mbuga ni ndogo. Ukichota bila kurudisha miaka mitano una shimo tu. Wa njiani ni kidogo. Mwingi mama aliurudisha pale pale ulipochotwa, akautawanya."

"Wa nini, na hauna chumvi?"

"Unauacha. Masika ipite, kiangazi kije, unaukuta umeota weupe tena."

"Nani anautia chumvi?"

"Hakuna mtu. Inatoka chini."

Nilimtazama Onesmo, Onesmo akanitazama. Nyanjige akaendelea na mchele wake, halafu mkono ukasimama.

"Mbona mnatazamana?"

Onesmo alifungua kitabu chake. Alisoma ule mstari tena, polepole safari hii, na alipofika katikati akasimama: ikiharibika, itatiwa nini mpaka ikolee?

"Hapo," Nyanjige akasema. "Hapo anauliza?"

"Anauliza."

"Miaka yote hii mimi nilisikia kutupwa tu. Kumbe kabla ya kutupa ameuliza!" Akaweka ungo chini. "Na mapadre wote wale, na maaskofu, hakuna aliyemjibu?"

"Mayu," nikasema, "wao hawajachuja udongo."

Lakini Nyanjige ni mwuza chumvi. Aliyeumwa mara moja na kutolamba mara ya pili haendi kwa padre na neno la kukumbuka. "Ni miaka hamsini," akasema. "Labda nakumbuka vibaya. Labda mama alituambia hivyo ili tubebe udongo bila kunung'unika. Kabla sijamjibu mtu yeyote nakwenda kuonja. Nikikuta hakuna kitu, Onesmo, jina langu ulifute, na Apolonia ataniona kwenye tofali."

Jumatano mimi na yeye tukapanda basi la Mwanhuzi, halafu pikipiki mbili mpaka Lingeka. Mashamba ya pamba yalikuwa matupu, mabua yameshachomwa, vumbi linaingia mpaka kwenye meno. Mji wa kwao haupo tena. Palikuwa na uwanja tu na ukuta uliobaki kimo cha goti. Lakini njia ilikuwepo. Hatua kama ishirini, nyeupe, ngumu kama saruji, haina jani hata moja. Nyanjige akachuchumaa, akakwangua kwa ukucha, akalamba. Akatema.

"Udongo," akasema.

Tukaenda mbugani. Alitafuta sana. Mara hapa, mara pale, anasimama, anapima kwa macho kutoka kwenye kilima, anasogea. Jua linawaka. Nilianza kutunga maneno ya kumfariji nikaona yote ni ya kipumbavu.

Kisha tukaona ng'ombe. Walikuwa kama thelathini, wa mtu fulani, na pembeni yao majani makavu yalikuwepo ya kutosha. Hawakuwa wanakula. Wote walikuwa wameinamisha vichwa mahali pamoja, kwenye kishimo kipana kama uwanja wa nyumba, na ndimi zinakwangua ardhi, krr, krr, mpaka unasikia.

Nyanjige alitazama kilima mara moja, akapatambua pale mama yake alipotawanya udongo. Aliingia katikati ya ng'ombe, akamsukuma dume mmoja shavuni, "Sogea wewe," akapiga magoti. Akaweka kidole, akalamba. Akasogea katikati ya kishimo, akalamba. Akaenda ukingoni, akalamba. Juu, katikati, chini, kama gunia.

"Vipi?" nikapiga kelele.

Nilimwona mabega yanatikisika nikafikiri analia. Nilipomfikia alikuwa anacheka, weupe kwenye midomo.

"Mkali," akasema. "Mama Blandina, mkali kuliko chumvi ninayouza!"

Nikaonja. Sitii chumvi hapa, ulimi uliniuma. Akachota kiganja kimoja, akakifunga kwenye pindo la kanga, na njia nzima ya kurudi alikishika mkononi. Ndani ya basi alikipakata.

Siku ya kupimwa mwezi wa kumi, padre alikaa nyuma ya meza, Onesmo pembeni na karatasi, mimi na Nyanjige mbele yao. Padre wetu ni mtu wa Bukoba, mtu wa ndizi, mpole lakini hapendi maneno mengi. Akamwuliza Nyanjige sala, akajibu. Akamwuliza amri, akajibu. Kisha akasema, "Mkristo ni chumvi ya dunia. Maana yake nini?"

"Padre, ngoja kwanza nijibu swali la mwenye kitabu, maana aliuliza kabla yako." Akafungua pindo la kanga, akamwaga ule udongo kwenye meza, juu ya karatasi za Onesmo. "Aliuliza ikiharibika itatiwa nini. Mtu hawezi kuitia kitu. Mimi nilijaribu kwa miaka hamsini. Inarudishwa pale ilipotoka, inalala pale, inasubiri. Inapanda yenyewe kutoka chini. Onja."

Padre akautazama udongo, akanitazama mimi kana kwamba ndiye niliyeuleta. "Nani amekufundisha hivyo, mama?"

"Ng'ombe."

Onesmo akainama chini ya meza, eti kalamu imeanguka. Padre akachovya kidole kwa woga wa mtu anayeonja dawa, akalamba. Uso ukamkunjamana.

"Ina chumvi," akasema. "Na udongo."

"Udongo upo," Nyanjige akasema. "Sijasema umeondoka."

Padre akajifuta kidole. Akauliza kishimo kile kiko wapi, kina upana gani, ng'ombe ni wa nani. Akamwuliza chungu kilikuwa na matundu mangapi. Waliokuwa kwenye foleni nje walianza kugonga mlango. Mwishowe alichukua kalamu, akaandika alama pembeni ya jina lake, na udongo akaufunga ndani ya bahasha akauweka kwenye droo.

Pasaka asubuhi kanisa lilijaa mpaka madirishani. Tulipanga mstari nje, mimi nyuma ya Nyanjige, mkono wangu begani mwake kama inavyotakiwa. Alikuwa amechagua jina la Martha, kwa sababu, alisema, yule naye alikuwa mtu wa jikoni. Apolonia alikuwa mbele yake, gauni jeupe, soksi nyeupe. Mstari ukasogea. Nyanjige alipofika mlangoni akasimama. Akatazama chini, pale sakafu ya nje inapokutana na ya ndani. Nyuma yangu watu wakaanza kusukuma, mmoja akasema, "Huyo bibi vipi?" Nikageuka nikampa jicho ambalo lilimtosha.

Apolonia akarudi hatua moja, akamshika mkono. "Bibi."

Nyanjige akanyanyua mguu, akauweka ndani. Akaweka na wa pili.

Tulibanwa kwenye benchi la mbele kama dagaa kwenye gunia, feni moja inazunguka kwa hisani. Kupitia dirisha la tatu niliona tofali, na kuku amelala juu yake. Nyanjige alivua kanga begani, akajifuta jasho usoni na shingoni, akaniinamia sikioni.

"Si nilikwambia?" akasema. "Humu ndani kuna joto."